Kilomita Nyingine Mmeziweka Wapi

Uwanja wa ndege wa Mtwara, kijana wa mizani
alimweleza mama kwa adabu:
kwa barabara ni mia tano sitini na kitu,
kwa ndege mia nne kasoro,
dakika hamsini na tano, bibi, hata usingizi hauivi.
Mama akainua uso,
jicho moja la maziwa, jingine la moshi,
akauliza bila mzaha:
"Na hizo kilomita nyingine mmeziweka wapi?"

Kijana alicheka.
Mimi najua zilipo.

Zipo Nangurukuru, kwenye tope la mwaka wa El-Nino,
basi limezama hadi tumboni
na abiria wanakata matawi ya kutandika chini ya matairi.
Zipo Somanga, kwa muuza uji
aliyepandisha bei siku ya pili
na siku ya tatu akagawa bure.
Zipo Ndundu, kwenye foleni ya kivuko kibovu,
mto umefura, fundi kaenda Utete hajarudi,
na baba, Chilumba, mshona suruali wa Mahuta,
kalala kiti cha nyuma, magoti kifuani,
tumbo gumu kama ngoma iliyowambwa,
anauliza kila saa: "Bado?"
Ng'ambo kulikuwa na hospitali,
kitanda, daktari, kisu.
Usiku wa nne hakuuliza tena.
Kondakta ndiye aliyekuwa na jembe.
Abiria walipokezana kuchimba, upande huu wa mto,
nami nilikuwa na miaka tisa,
nikapewa kazi ya kushika taa.

Leo mama kafunga mkanda juu ya kanga.
Kachagua kushoto, upande wa bara.
"Tukifika Rufiji uniambie."
Macho yake yanakwenda kupasuliwa;
kwa leo anaazima yangu.

Dakika ya kumi, Lindi, mabwawa ya chumvi
yanametameta kama vigae vya kioo.
Dakika ya ishirini, juisi, na kipakti cha korosho.
Akazihesabu kwa kidole: kumi na moja.
"Hizi zetu," akasema,
"nazo zimepanda ndege kabla yangu."
Dakika ya thelathini, mawingu,
mazito, yamevurugika kama godoro lililopasuka.
Nikatafuta mto. Nikatafuta hata daraja.
Rubani hakusema kitu.
Mama akanigusa paja:
"Bado?"

Neno lilelile. Kiti cha nyuma kilelile.

Nikasema, "Hapo, mama. Hapo hapo."
Pengine ilikuwa Kilwa.
Pengine tulishapita, iko Mkuranga chini yetu.
Akaegemeza paji la uso kwenye kioo
akatoa salamu ya wapitao makaburini,
polepole, yote, mpaka amina,
na pumzi yake ikaacha duara la ukungu
lililokauka kabla hajamaliza kufuta machozi.

Dakika ya hamsini na tatu matairi yakagusa Dar.
Wameturudishia chenji ya dakika mbili.

Kutoka hapo hadi Mbagala kwa shangazi Somoe
ni saa mbili na robo, foleni tupu.
Mama hakulalamika.
Kila tulipokwama aliteremsha kioo
akamsalimu mtu, akamuuliza kwao.

Rangi Tatu, basi la Kusini likatupita,
ubavuni limepakwa vumbi jekundu la kwetu.
Alilisikia kabla sijaliona.
"Wakishanitoa utando huu," akasema,
"unirudishe kwa hilo.
Kule juu nimempita baba yako
kama msafara wa mkubwa,
ving'ora na vioo vyeusi."

Akaupapasa mkono wangu, akaupata.
"Na safari hiyo nitatazama mwenyewe.
Wewe uliniambia upesi mno."